Betri za Sajenti

Juma lililopita nilimfukuza binti yangu mezani. Alikuwa amefungua kichupa cha rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, inayong'aa tu kama maji, na harufu yake ikanifikia jikoni kabla sijamwona. Nilimwambia aende akapake nje. Sauti iliyonitoka haikuwa ya mama anayelalamikia harufu kali karibu na chakula. Ilikuwa ya mtu anayemfukuza mwizi. Binti yangu ni mtu mzima, yuko chuoni, hajazoea kusemeshwa hivyo. Alinitazama, akafunga kichupa polepole, akasema, "Mama, ni rangi tu." Nikarudi jikoni nikasimama mbele ya sufuria bila kujua nilikuwa nimefuata nini huko.

Wenzangu mliokulia mitaa ya Eastlands, Nairobi, miaka ile mtazikumbuka nyumba za safu, zile ambazo jirani akikohoa unamtambua ni nani na amelala upande gani. Zetu zilikuwa safu mbili zilizotazamana, si mbali na mtaa wa Tena, na zote zilikuwa zimekodishwa na kampuni moja ya ulinzi kwa ajili ya wafanyakazi wake. Katikati palikuwa na uwanja wa udongo na bomba moja la maji lenye sakafu ya saruji. Nyumba ya kwanza ya safu ya pili haikukaliwa na familia. Hiyo ndiyo iliyokuwa kituo: juu ya paa ulisimama mlingoti wa chuma, na ndani mlikuwa na meza, redio kubwa ya kupokelea habari za malindoni, na chaja.

Baba alikuwa fundi wa redio wa kampuni hiyo. Askari kumi na wanne walitoka kituoni kila jioni, kila mmoja na simu yake ya upepo kiunoni, ile redio ya mkononi ambayo mtu hubonyeza ndipo aseme. Waliporudi asubuhi waliziacha betri zichajiwe kwa zamu. Chaja yenyewe ilikuwa sanduku la bati la kijivu lenye vitundu sita, na mbele ya kila kitundu palikuwa na taa nyekundu ndogo kama punje ya mtama. Betri ikikaa vizuri na umeme ukapita, taa iliwaka. Umeme usipopita, taa ilibaki giza. Hata mtoto aliweza kuisoma mashine ile, na mimi niliisoma kila nilipotumwa kumpelekea Baba chai.

Msimamizi wa kituo aliitwa Sajenti. Alikuwa na jina lake, lakini hata mkewe alimwita Sajenti. Alikuwa amestaafu jeshini, na cheo alichotakiwa kukiacha kambini alikuja nacho mtaani. Baba hakumpenda. Sijui uhasama wao ulianza wapi. Nilipopata akili niliukuta umeshakomaa. Sajenti alitaka kila mtu asimame anapoingia kituoni, na Baba alikuwa na tabia ya kuinama zaidi juu ya kazi yake kila aliposikia buti zile. Siku moja nilimsikia Sajenti akimuuliza, mbele ya askari, kama miguu inamuuma.

"Haiumi," Baba akajibu bila kuinua kichwa. "Inachagua watu."

Nyumbani alisema zaidi. Alisema hawezi kumpigia saluti mwanamume anayelinda lango la kiwanda cha biskuti. Mama alicheka sana siku ile, naye alikuwa na vita vyake. Kwenye bomba, ndoo ya Mama Zubeda, mke wa Sajenti, ikiwa imetangulia kwenye foleni, Mama aliisogeza kando. Na aliisogeza kwa mguu, si kwa mkono, ili aliyekuwa akitazama aelewe. Mama Zubeda naye aliirudisha ndoo yake, kisha akaisuuza mara tatu mahali mguu ulipogusa. Sisi tulikuwa watu wa Magharibi, wa kanisani. Wao walikuwa wenyeji wa Mombasa, Waislamu. Lakini msidhani ugomvi ulikuwa wa dini. Dini ilikuwa silaha iliyokuwa karibu tu, kama kijiti cha kukokea moto.

Nilikatazwa kuingia kwao. Kwa hiyo niliingia Jumapili mchana, Mama alipokwenda kwenye mkutano wa kina mama kanisani na Baba alipolala. Zubeda alikuwa na miaka kumi kama mimi, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Kwao nilikula mahamri kwa mbaazi, na nilikula kwa pupa ya mtu anayejua kwamba akirudi nyumbani hawezi kusema ameshiba.

Jumapili ilikuwa siku ya shaba. Sajenti alileta nyumbani kopo la biskuti lililojaa beji na bizimu za mikanda ya askari, akazisugua mwenyewe kwa dawa ya shaba mpaka unaweza kuhesabu meno yako ndani yake. Halafu kilikuja kichupa. Ile rangi ya kucha isiyo na rangi, Sajenti alikuwa ameijua jeshini: ukishasugua kifungo, unakipaka rangi hiyo kwa burashi yake ndogo, ikikauka kifungo kinang'aa miezi, hakishiki kutu wala alama ya kidole. Kusugua ilikuwa kazi yake. Kupaka ilikuwa kazi ya Mama Zubeda na Zubeda, na baadaye ikawa kazi yangu pia, na mimi niliipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa nyumbani kwetu.

Kisha, baada ya meneja wa kampuni kupita siku moja na kusema simu za upepo zilikuwa chafu, kopo likaanza kuja na betri. Kila betri ilikuwa na vipande viwili vya shaba kwa nje, vidogo kama kucha ya kidole cha mwisho, ambavyo hugusana na vyuma vya chaja inapowekwa kitunduni. Sajenti aliviita macho. "Macho ya askari lazima yang'ae," alisema. Alileta betri mbili Jumapili moja, tatu Jumapili iliyofuata, nasi tukayapaka macho yale kwa uangalifu, Zubeda moja na mimi moja, tukishindana nani hatatoka nje ya mstari.

Taa ya kwanza ilikataa kuwaka wiki hiyohiyo.

Kwanza Baba alidhani ni kitundu. Akaisogeza betri kwenye kitundu kingine, nacho kikakataa. Betri nyingine ikawaka humo. Baada ya siku chache zikakataa mbili, halafu tano. Betri isiyochajiwa haikufa papo hapo. Ilikuwa na nguvu iliyobaki, ikafanya kazi jioni ya kwanza na ya pili, kisha ikazima askari akiwa malindoni. Baba alikifungua kifuniko cha chaja, akabadilisha fyuzi, akalehemu upya kila waya, akasugua vyuma vya vitundu kwa msasa. Alikuwa na mita yenye waya mbili na sindano mbili za chuma mwishoni. Akizigusisha sindano kwenye kitundu, mshale wa mita ulipanda: umeme upo. Akizigusisha kwenye macho ya betri, mshale ulipanda kidogo: betri ni nzima, ina njaa tu. Lakini betri ile nzima ikiingia katika kitundu kile kizima, giza.

Leo naweza kueleza kilichokuwa kikitokea. Sindano za mita zilikuwa na ncha kali na Baba alizikandamiza kwa nguvu. Zilitoboa ngozi ile ya rangi na kuigusa shaba. Vyuma vya chaja vilikuwa butu. Vilikaa juu ya ngozi na kubaki hapo. Baba aliyaona macho yanang'aa na, kwa kejeli ambayo sitaisahau, alimwambia Mama kwamba jambo moja tu Sajenti alilifanya sawasawa: betri zilikuwa safi.

Mimi sikujua lolote kati ya haya. Nilikuwa na nadharia yangu. Niliamini simu za upepo husikiliza hata zikiwa zimezimwa, na kwamba zilikuwa zimeyasikia yote Baba aliyoyasema juu ya Sajenti, zikaamua kumkomoa. Chaja ilipoletwa nyumbani kwetu Jumatatu moja ili Baba aifanyie kazi juu ya meza ya chakula, nilikula nikiwa kimya, na nilipotaka chumvi nilinyoosha kidole. Baba aliichomeka, akaweka betri kuukuu ya karakana yake, iliyopasuka ubavu, ambayo haikuwahi kupewa askari yeyote. Taa ikawaka, nyekundu, imara. Akaihamishia kitundu cha pili, cha tatu, mpaka cha sita. Kila taa iliwaka. Nilimwona akifunga macho kama mtu aliyetua mzigo. Kesho yake aliirudisha kituoni, akaweka betri za askari, na taa hata moja haikuwaka.

Sajenti alikuwa amesimama mlangoni. Nilikuwa nimeshika birika la chai.

"Kwako inafanya kazi, kwetu inakataa," alisema. "Basi ugonjwa ni wewe, fundi."

Askari wawili walicheka. Wengine hawakucheka, na kutocheka kwao kulikuwa kubaya zaidi. Siku tano kabla, mwenzao Mutua, aliyekuwa akilinda ghala peke yake, alivamiwa na wezi. Alibonyeza simu yake ya upepo na haikujibu. Walimvunja mkono wa kulia na kumwacha ndani ya mtaro hadi alfajiri. Tangu siku ile wake za askari waliacha kumsalimu Mama. Uvumi ulipita safu kwa safu: kwamba Baba alitumia chaja ya kazi kuchaji betri za redio za watu mtaani, akaiua, kwamba alifanya makusudi. Watoto walinifuata nikitoka shuleni. "Buda yako ndiye alivunja mkono wa Mutua," waliimba, na wimbo wenyewe ulikuwa mtamu, ndiyo sababu haukwisha.

Meneja alikuja na Peugeot yake akazungumza na Baba uwanjani, watu wote wakiwa wamesimama milangoni. Hakupaza sauti. Alisema Jumamosi ni siku ya ukaguzi, na Jumamosi taa sita ziwake kwa betri za askari. Zisipowaka, fundi mwingine atakuja, na fundi mwingine atahitaji nyumba. Mama aliingia ndani akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Niliyajua mambo mawili ambayo Baba hakuyajua, lakini nilikuwa nimeyaweka mbalimbali kichwani. La kwanza lilikuwa rangi. La pili nililipata Jumapili ile ya mwisho, nilipomwambia Zubeda kwamba tukimaliza betri tupakane kucha.

"Mimi sipaki," alisema. "Udhu haushiki. Ukipaka, maji hayafiki kwenye ukucha, na sala yako inakuwa bure."

"Lakini haionekani."

"Hata kama haionekani. Wewe huioni, maji yanaiona."

Mama Zubeda, aliyekuwa amekaa mkekani, aliguna. Mikono yake ilikuwa na hina tu. Kichupa kile hakikuwahi kugusa kidole cha mtu nyumbani mwao. "Leta mkono wewe," akaniambia. "Nyinyi hamtawadhi, hamna hasara." Ilikuwa dharau, nami niliisikia, lakini nilileta mkono. Alinipaka vidole kumi, taratibu, akivuta kila kidole kama anayekamua. Nilirudi nyumbani na kucha zilizong'aa ambazo Mama hakuziona.

Jumanne, baada ya chaja kukataa tena, nilikuwa bombani nikisugua sufuria kwa majivu. Kitu kilining'ang'ania kidoleni. Kutoka kwenye ukucha wa gumba kilikuwa kimebanduka kigamba chembamba, kisicho na rangi, kama gamba la dagaa. Nilikivuta kikatoka kizima. Chini yake ukucha ulikuwa mkavu. Mikono yangu ilikuwa majini muda wote, na ukucha ulikuwa mkavu. Baba alikuwa na namna ya kunielezea kazi yake nilipokuwa mdogo zaidi: umeme ni maji, waya ni bomba, taa ni kinywa. Nilisimama pale na sufuria ikimwagika miguuni, nikaogopa.

Nilimwita Baba atoke nje ya kituo.

"Kuna nini, mama?" Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Njoo huku. Huko ndani zitasikia."

Alikuja, uso wake ukiwa umechoka kiasi cha kutouliza ni nini kitakachosikia. Nilimwonyesha kigamba, nikamwonyesha kidole. Alikishika kidole changu, akakigeuza kwenye mwanga wa jua la jioni, akakwaruza ukucha wa pili kwa bisibisi yake ndogo. Kikabanduka kigamba kingine.

"Nani amekupaka hii?"

"Mama Zubeda."

"Ulikuwa kwao."

Niliinamia kigamba.

"Na betri?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka chini sana. "Betri pia?"

"Sajenti huzileta Jumapili. Tunazipaka macho. Mimi na Zubeda."

"Wewe umepaka ngapi?"

"Nyingi," nilisema, nikaanza kulia.

Nilisubiri kofi. Halikuja. Baba aliniosha majivu mikononi, mwenyewe, chini ya bomba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa mtoto mchanga. Kisha akasema, "Usimwambie mtu. Hata mama yako."

Nilidhani ananificha. Nilidhani anajua Mama angenichapa kwa kuingia nyumba ile, na kwamba kwa upendo wake ameamua kulifunika kosa langu. Nilimpenda siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Nimeishi na upendo ule, nao ndio ulionichukua muda mrefu kuufumua.

Jumatano alirudi na betri moja mfukoni mwa koti. Aliikwaruza macho kwa wembe, akaitia katika chaja ndogo aliyojiundia ya kitundu kimoja. Taa ikawaka. Alitabasamu, akaitoa, akaificha kabatini. Nilingoja kesho yake aende kituoni na wembe wake. Kazi ya betri kumi na nne isingemchukua hata saa nzima. Alhamisi alikwenda kituoni, akakaa, akakifungua kifuniko cha chaja, akakifunga. Sajenti alimuuliza kama ameshaanza kufunga mizigo.

"Bado nina Jumamosi," Baba alisema kwa adabu ambayo haikuwa yake.

"Kina mama huanza na vyombo," Sajenti akasema. "Magodoro ya mwisho."

Baba alicheka pamoja na askari waliokuwapo. Nilipoona anacheka, ndipo kitu kikaanza kunitafuna. Jioni ile askari walijipanga, wakapewa simu za upepo zenye betri zilizokuwa karibu kuzima, wakaondoka. Baba aliwatazama wakiondoka akiwa ameegemea ukuta. Alijua. Mimi nilijua. Ijumaa asubuhi nilisimama barabarani na sare yangu ya shule, mkoba mgongoni, nikingoja lori la kampuni lililowarudisha. Niliwahesabu wakishuka. Kumi na wanne, pamoja na aliyeshika nafasi ya Mutua. Jumamosi asubuhi nilisimama tena pale, ingawa hakukuwa na shule. Kumi na watatu walishuka, nikaanza kuwahesabu upya, mpaka wa kumi na nne alipojitokeza nyuma ya lori akifunga kamba ya kiatu.

Ukaguzi ulifanywa uwanjani saa nne. Askari walijipanga, beji zikirusha jua. Meneja alikuwa amesimama karibu na meza iliyotolewa kituoni, chaja juu yake, waya wake mrefu ukipita dirishani. Wake na watoto tulikuwa tumejazana upande wa bomba. Zubeda alikuwa kando yangu. Ilikuwa mara ya kwanza sisi kusimama pamoja hadharani, kwa kuwa siku ile hakuna aliyekuwa akitutazama.

Baba aliweka betri sita. Taa sita zilibaki giza. Watu waliguna. Nilimwona Mama akishika kona ya leso yake kwa meno.

"Sajenti," Baba alisema, "betri hizi ni safi sana. Nani huzisafisha?"

Sajenti alivuta kifua. "Mimi mwenyewe."

"Askari hawazigusi?"

"Askari hawajui kusafisha shaba. Nimesema ni mimi."

"Na zinabakije hivi? Shaba huchakaa kwa siku mbili."

"Zangu hazichakai," Sajenti alisema, na akamgeukia meneja ili sifa imfikie. "Nina dawa yangu. Nairobi nzima huoni shaba kama hii."

Baba alitoa wembe. Alikwaruza macho ya betri ya kwanza polepole, akakibandua kigamba, akakiinua kati ya vidole viwili ili kila mtu akione. Akairudisha betri. Taa ya kwanza ikawaka. Akafanya ya pili. Hakuharakisha, alifanya zote sita hivyo, na kila taa ilipowaka, meneja alizidi kuinama juu ya meza.

"Ni nini hiyo?" meneja aliuliza.

"Rangi ya kucha, bwana. Umeme haupiti hapo."

Kicheko kilianza nyuma ya mstari wa askari na hakikuweza kuzuiwa. Mtu alisema Sajenti apakwe rangi ya mdomo pia. Sajenti alisimama wima kama alivyofunzwa, lakini mikono yake haikujua ikae wapi.

"Betri hupakwa na mkewe na bintiye," Baba aliendelea, akipaza sauti juu ya kicheko, "nyumbani kwake, kila Jumapili. Mtoto wangu aliwaona kwa macho yake." Akanyoosha kidole kuelekea bombani.

Nyuso zote ziligeuka. Meneja aliniuliza kama ni kweli. Nilisema ndiyo. Zubeda hakunitazama, aliongea akiangalia mbele, kwa sauti ya chini ambayo mimi tu niliisikia.

"Sema na wewe ulipaka."

Baba alikuwa akinitazama. Mama alikuwa akinitazama. Zubeda alingoja, akangoja tena, kisha akatoka kando yangu akavuka uwanja peke yake, mbele ya watu wote, kwenda kusimama karibu na babake.

Walihama kabla ya juma kwisha. Sajenti alivuliwa cheo, akapelekwa kulinda lango mahali fulani upande wa Lucky Summer, na vyombo vyao viliondoka kwa mkokoteni. Mama Zubeda alikitoa kitu kimoja kimoja na kukipanga mwenyewe. Alianza na magodoro. Nakumbuka hilo kwa sababu nilijua alikuwa ameambiwa lile neno la mumewe, na alikuwa akilikataa.

Lakini jioni ile ya Jumamosi Baba alikuwa mezani, akimsimulia Mama jinsi uso wa Sajenti ulivyobadilika. Alisimulia mara mbili. Mama alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili aliuliza, "Uligundua lini?"

"Jumanne."

Mama aliweka kijiko chini. "Jumanne. Na hao waliokwenda kazini Jumatano?"

"Hakuna aliyepatwa na kitu."

"Hukujua hakuna atakayepatwa."

"Ningemwambia Sajenti kimya kimya, angesafisha usiku, asubuhi angesema ni yeye aliyetengeneza," Baba alisema. "Ulitaka tuhame?"

Mama akaanza kukusanya sahani. Hakutaka tuhame, na sisi hatukuhama. Tuliishi pale mpaka nilipomaliza sekondari, na ada ya chuo kilichonifundisha kuandika sentensi hizi ilitoka katika kazi ile. Nimewahi kujaribu kumhesabia Baba mambo haya kama utetezi. Alipokuwa mgonjwa, mwishoni, nilimuuliza kama anazikumbuka zile siku nne. Alisema anakumbuka taa zikiwaka.

Jumapili, siku moja baada ya ukaguzi, Mutua alikuja kwetu. Mkono wake wa kulia ulikuwa katika plasta, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa cha kanga. Alivaa koti la kanisani bega moja. Mama alimpa kiti kizuri na kuniambia nilete chai.

"Fundi, nimekuja kukushukuru," alisema. "Nilikusema vibaya wiki nzima. Nilisema umenivunja mkono. Nisamehe. Jana usiku wenzangu waliita kutoka kila lindo, na kila mmoja alijibiwa."

"Ni kazi tu," Baba alisema.

"Si kazi tu. Wewe ungeweza kunyamaza utuache hivyo, baada ya maneno yote tuliyokusema. Mwingine angenyamaza."

Mama aliinuka akaingia jikoni. Niliweka kikombe mbele ya Mutua, mpini ukielekea upande wa mkono wake mzima. Aliniona, akatabasamu, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Kumbe ndiye wewe uliyewaona," alisema. "Mungu akubariki, mtoto."

Nikampa mkono wangu. Baba alikuwa akiitazama chai yake.